Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Niliikumbuka methali hiyo mwaka 2023, mpwa wangu aliponiletea karatasi yenye orodha ya vifaa vya kompyuta. Kijana huyu tangu utotoni hana wimbo mwingine ila urubani. Ada ya shule ya urubani hatuna. Tulichokuwa nacho hapa Singida ni kompyuta ya mezani yenye Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, programu inayomwezesha mtu kurusha ndege ya kuigiza mahali popote duniani.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa ikikwama. Ndege ikikaribia ardhi, picha zilisimama, zikaruka, kisha zikaendelea.

"Mjomba, prosesa imezeeka," aliniambia. "Tununue ya kizazi kipya."

Fedha iliyokuwapo ilikuwa ya alizeti, na nyumbani ilikuwa ikingojewa na mahitaji mengine.

Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Orodha yake ilitaja mbili, zote za kampuni ya AMD: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, na Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023. Wahakiki waliisifu hiyo ya pili kuwa ina kasi zaidi, nami sibishani nao. Lakini haikuweza kuingia katika ubao wa mashine yetu. Anayehama kwenda kizazi hicho hununua pia ubao mpya na kumbukumbu mpya ya DDR5. Ile ya kwanza iliingia palepale penye ya zamani, na kumbukumbu yetu ya DDR4 ikabaki.

Tena, siri ya prosesa zote mbili ni moja. Kila moja ina viini vinane na akiba ya ndani ya megabaiti 96, ilhali ndugu yake 5800X ana megabaiti 32 tu. Programu ya urubani hukokotoa mabawa, injini na upepo kwa mfululizo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huelemea kiini kimoja. Kuongeza viini hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kiini hicho kuwa na data karibu, kama mpishi aliyeweka chumvi na mafuta kando ya jiko badala ya kukimbilia stoo kila mara.

Ninalowalaumu wahakiki ni kipimo chao. Hupenda kupima prosesa juu ya miji kama New York na London, penye majengo yasiyohesabika. Ruka kutoka Singida ukifuata barabara ya Ikungi, Manyoni na Bahi mpaka Dodoma: utaona pori, mashamba na vijiji. Hapo prosesa haihemi. Tena picha za ardhi hiyo huletwa na intaneti, nayo ikilegea, prosesa ya kizazi chochote itangoja tu. Na yale mawe yetu makubwa ya kando ya Ziwa Singidani, kwenye skrini yetu yamelala chini kama mkeka. Hakuna prosesa itakayoyainua.

Tulinunua ya mwaka 2022. Fedha iliyosalia ilinunua usukani, na betri ya kuilinda mashine umeme unapokatika.

Haki isemwe: mpwa wangu akitua London picha bado husitasita, naye hunitazama kwa jicho la kunisuta. Na mtu anayeanza bila mashine yoyote, nisingemshauri afuate njia yetu. Yeye aanze na ubao wa kizazi kipya, maana hana cha kuokoa. Shauri langu ni la mwenye mashine nusu nzima na mfuko mwembamba.

Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitoka 9800X3D, na karatasi ikaja tena. Safari hii niliikunja nikaiweka mfukoni. Nilimwambia kwamba fedha ya alizeti ya msimu ule ni ya kumpima afya ya urubani, kwani bila cheti hicho mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama macho nayo hupimwa.