Walioiinua West Virginia

Desemba 7, 1941, topido za Wajapani ziliizamisha manowari ya Marekani, West Virginia, bandarini Pearl Harbor. Wapiga mbizi wakaishukia. Maji yalijaa mafuta na tope. Hawakuona kitu, wakafanya kazi kwa kupapasa, huku gesi ya sumu ikijikusanya vyumbani. Waliziba ubavu uliochanika kwa viunzi vikubwa, wakavikaza kwa zege lililomwagwa chini ya maji, ndipo pampu zikaweza kuyashinda maji. Mei 17, 1942, meli ikaelea. Ndani ilitolewa miili ya mabaharia zaidi ya 60. Baada ya kukarabatiwa, mwaka 1944 ilipigana katika vita vya mlango-bahari wa Surigao. Septemba 2, 1945, Japani ilipotia saini kusalimu amri, meli hiyo ilikuwapo Ghuba ya Tokyo. Sifa hizo zote ni deni kwa mafundi wale.