Nsala wa Wala na Kamera ya Misheni

Picha aliyoipiga mmisionari Alice Seeley Harris katika kituo cha Baringa, mwezi Mei 1904, imezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa hati zilizoutikisa utawala wa Leopold wa Pili katika Dola Huru la Kongo. Nsala, mtu wa Wala, ameketi ukingoni mwa baraza, akitazama mkono na mguu wa bintiye Boali vilivyowekwa mbele yake. Mtoto huyo aliuawa na askari walinzi wa Abir, kampuni ya mpira.

Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905, anamfanya mfalme alalamike kwamba kamera ndiyo shahidi pekee ambaye hakuweza kumhonga. Kauli hiyo imerudiwa mno, nayo yafaa ipingwe. Kabla ya kamera palikuwa na baba aliyevifunga viungo vya mwanawe katika majani akavibeba hadi misheni. Harris alimketisha, akapanga, akapiga. Lakini ushahidi uliletwa na Nsala, na ndiye aliyeamua pa kuupeleka. Picha hii ina watunzi wawili, ingawa sifa hupewa mmoja.

Nguvu yake yatokana na hilo. Katika picha za kawaida za misheni, watoto wa shule husimama safu kwa safu mbele ya kanisa, macho kwenye kamera kama walivyoamriwa. Nsala haitazami kamera. Hamwombi mtazamaji lolote. Hata picha nyingine za kampeni hiyohiyo hazifikii hapo: vijana waliokatwa mikono wamevishwa kitambaa cheupe ili kigutu kionekane wazi juu yake. Nia ilikuwa njema, bila shaka, lakini mtu amegeuzwa kielelezo cha jeraha lake.

Harris na mumewe John walizizungusha picha hizo Uingereza na Marekani, zikiangazwa kwa taa mbele ya halaiki. Kongo ikahamishiwa Ubelgiji mwaka 1908. Ukumbini aliyesema alikuwa mmisionari, na kwa Kiingereza.

Morel, alipoichapisha picha hiyo mwaka 1904, aliandika chini yake jina la Nsala na la Wala. Machapisho mengi ya baadaye yameyafuta, yakabakiza tu baba wa Kikongo na ukatili wa mpira. Kosa hilo si la kamera, wala si la misheni. Ni la wahariri waliokuwa na jina mbele yao wakaona halina kazi.