Lisemwalo Lipo, Lakini Nani Kalisema?

Mwishoni mwa 2013 ilizuka tovuti iliyoitwa The Survivor 2299. Ilikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma na mafumbo, mengine ya alama za Morse. Wapenzi wa Fallout, mfululizo wa magemu kuhusu dunia iliyosalia baada ya vita vya nyuklia, walikesha wakiyafumbua, na kila fumbo lililofumbuka liliwazidishia imani kwamba kampuni ya Bethesda ilikuwa karibu kutangaza Fallout 4. Desemba ilipoingia, aliyeitengeneza alikiri: ilikuwa kazi ya mikono yake, Bethesda haikuhusika.

Siku chache tu baadaye Jason Schreier, wakati huo akiwa mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za magemu, aliandika kwamba Fallout 4 ipo kweli na mandhari yake ni Boston. Hebu jiweke kwenye kiti chake. Wasomaji wametoka kuumwa na nyoka, sasa unawaletea kamba. Alichokuwa nacho mkononi ni karatasi za kutafutia waigizaji wa sauti, na nikiitazama habari ile leo, ninachokipenda ni jinsi karatasi zile zilivyokuwa za kuchosha. Mzushi hupamba. Huweka saa, huweka mafumbo, huacha nyayo ili afuatwe. Karatasi ya usaili haimtafuti shabiki. Inamweleza mwigizaji mhusika wake ni nani na ataongea vipi, basi. Mwandishi mwenye jicho huijua harufu ya karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kazi, kama muuza kahawa anavyojua buni iliyokaangwa jana.

Juni 2015 Bethesda ilitangaza gemu hilo, na kweli lilikuwa la Boston. Wapo walioona tovuti ya mafumbo nayo ilikuwa na chembe ya ukweli, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapana. Gemu lilikuwepo, tovuti ilikuwa uzushi, na kubahatisha si kujua. Novemba mwaka huohuo mhariri mkuu wa Kotaku, Stephen Totilo, aliwaeleza wasomaji kwamba Bethesda na Ubisoft, kampuni nyingine ya magemu, zilikuwa zimeacha kuzungumza na tovuti yake kwa sababu ya habari za namna hiyo. Hiyo ndiyo bei ya kusema kweli mapema.

Kiswahili chetu kina mtego wake katika kazi hii ya kuandika habari, nao ni neno "inasemekana". Mwanafunzi wa sarufi atakwambia kitenzi cha namna hiyo hakimpokei mtenda: huwezi kusema "inasemekana na Juma". Msemaji amefutwa kabisa, hata kivuli chake hakionekani. Ndiyo maana wavivu wanalipenda. Fundi wa habari hulirudisha nyuma mpaka lipate mdomo: nani amesema, alikuwepo, na anafaidika nini nikimwamini?

Swali hilo la mwisho halina mahali linapohitajika zaidi ya EVE Online, gemu la vita vya anga kutoka kampuni ya CCP ya Iceland, ambalo tangu 2003 linawaweka maelfu ya wachezaji katika ulimwengu mmoja. Miungano yao ina majasusi, wahazini na wapiga propaganda, na kila upande huandika ushindi wake kabla moshi haujatua. Tarehe 27 Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, ada ya kumiliki eneo haikulipwa. Wenye eneo walidai waliiwekea malipo yajilipe yenyewe. Maadui walicheka, wakaleta meli. Pigano lilichukua takriban saa 21, kwa sababu seva inapozidiwa huupunguza mwendo wa muda wa gemu hadi asilimia 10. (Natamani vyumba vya habari vingekuwa na kitufe hicho.)

Kilichosambaa duniani ni nambari: dola 300,000 zimeteketea. Nambari hiyo ilikuwa tamu mno isiachwe. Lakini haikuwa pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu usiku ule. Meli hizo hununuliwa kwa sarafu ya ndani ya gemu. Mchezaji anaweza kulipa dola halisi kupata muda wa kucheza, kisha akauuza muda huo kwa wenzake kwa sarafu hiyo; njia ya kurudi, kutoka sarafu hiyo kwenda dola, kanuni za gemu zimeiziba. Kwa hiyo dola 300,000 ni tafsiri, si hasara. Walioandika vizuri walisema hivyo waziwazi, kisha wakaegemea vinavyohesabika: kila meli inapolipuka gemu lenyewe hutoa hati ya nani kaua na nani kauawa, bila kuuliza upande wowote. CCP ilipotoa hesabu yake, meli kubwa kabisa zilizoangamia, zile ziitwazo titani, zilikuwa 75, na wahusika wa wachezaji walioshiriki walikuwa 7,548. Andrew Groen alikwenda mbali zaidi, akawahoji wapiganaji wa pande zilizochukiana mpaka akapata kitabu, Empires of EVE, kilichotoka 2016. Ila yeye alikuwa na miaka. Mwandishi wa siku ile alikuwa na dakika.

Ustadi wa dakika ulionekana tarehe 18 Septemba 2022, video 90 za GTA VI, gemu la kampuni ya Rockstar ambalo wakati huo lilikuwa halijakamilika, zilipomwagwa mtandaoni. Schreier, sasa akiwa shirika la habari la Bloomberg, alikuwa ameripoti Julai kwamba gemu lingekuwa na mhusika mkuu mwanamke na mandhari ya Miami. Video zilionyesha hayohayo. Hata hivyo aliwauliza watu wake ndani ya Rockstar, kisha akaandika machache: ni za kweli, na ni za kazi ambayo bado ni changa. Hilo la pili lilihitajika sana, maana umati ulikuwa umeshaanza kuzicheka picha kana kwamba ndizo zitakazouzwa. Kesho yake Rockstar ikathibitisha kwamba ilivamiwa.

Siku chache baadaye polisi wa City of London walitangaza kumkamata kijana wa miaka 17 huko Oxfordshire kwa tuhuma za udukuzi. Hawakulitaja gemu. Kila mtu mtandaoni aliunganisha mwenyewe. Waandishi makini waliandika sentensi moja juu ya kukamatwa na nyingine juu ya video zilizovuja, wakaeleza kwamba polisi hawajasema kama mambo hayo mawili yanahusiana, wala hawakuchomeka "kwa sababu ya" mahali popote. Kati ya sentensi hizo mbili waliweka nukta.