Kitabu na Mtambo: Nani Amtumikie Nani?

Mtu asomapo hadithi nzuri huona mambo yasiyochorwa popote ukurasani. Mwandishi humpa maneno tu. Nyuso, nyumba na sauti msomaji huziunda mwenyewe. Siku hizi umeenea ufundi unaodai kuukuza uwezo huo. Kamera huutazama ukurasa, kompyuta hutambua alama zilizopigwa chapa hapo, kisha picha zenye kimo na mwendo huonekana kana kwamba zimesimama juu ya karatasi. Je, ufundi huu humwongezea msomaji kitu, au humnyang'anya? Tutalipima swali hili kwa kazi tatu.

Ya kwanza ni MagicBook, iliyoelezwa mwaka 2001 na Mark Billinghurst, Hirokazu Kato na Ivan Poupyrev. Hiki ni kitabu kamili: kina maandishi na picha, na mtu aweza kukisoma bila chombo chochote. Akitaka zaidi, hushika kitazamio chenye mpini, akaona picha zikiinuka kutoka ukurasani. Akipenda, huingia katika mandhari yenyewe. Hapa mtambo ni mgeni, na kitabu ndicho mwenyeji. Sifa hiyo si ndogo.

Ya pili ni Wonderbook: Book of Spells, iliyotolewa na Sony mwaka 2012 kwa kushirikiana na mwandishi J. K. Rowling. Kurasa zake ni alama za kusomwa na kamera. Hadithi yenyewe imo katika mashine ya PlayStation 3. Mtoto hujiona katika televisheni, akipunga kijiti kama mchawi. Burudani ipo, wala hatuidharau. Lakini kazi yote ya kuona imekwisha kufanywa na mashine. Ikizimwa, mikononi hubaki karatasi zisizosema neno.

Ya tatu ni Between Page and Screen, ya Amaranth Borsuk na Brad Bouse, iliyotoka mwaka 2012. Nayo haina maneno kurasani, ila alama za mraba, nyeusi na nyeupe. Zikielekezwa kwenye kamera ya kompyuta, barua za wapenzi wawili, P na S, hujitokeza kwenye kioo. Kwa haraka tungedhani kasoro ni ileile. La hasha! Kinachoinuka hapa ni maneno, na msomaji hana budi kuyasoma na kuyafikiri. Zaidi ya hayo, fani imebeba maudhui: ukurasa na kioo havisomeki kimoja bila kingine, kama wapenzi hao wanavyohitajiana. Twaisifu kuwa jaribio la sanaa. Hatuipendekezi kuwa mfano wa kitabu cha shule, maana pasipo umeme ni bubu.

Basi mwalimu na achague kwa busara. Katika somo la sayansi, picha ya moyo unaodunda humwonyesha mwanafunzi asichoweza kukiona kwa macho. Katika riwaya, sura ya shujaa ni haki ya msomaji. Wazee wetu walisema "Paukwa!" gizani, na watoto walioitikia "Pakawa!" waliona kila kitu. Kipimo chetu ni kimoja: mtambo ukizimwa, msomaji amebaki na nini? Akibaki na kitabu na hamu ya kukisoma tena, mtambo umemtumikia. Akibaki mikono mitupu, yeye ndiye aliyeutumikia.