Picha za Matema na Mfano wa Sinema

Neno "picha" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Mtu aliyekwenda studio akarudi na karatasi yenye sura yake alikuwa amepiga picha. Na mtu aliyekwenda sinema usiku akamtazama Raj Kapoor mpaka mwisho, naye kesho yake aliwaambia wenzake kwamba jana alitazama picha. Wasemaji hawakuona haja ya kutenga kilichotulia na kinachokwenda. Wataalamu wetu siku hizi wametupa maneno ya kutengea, nayo yana kazi yake. Walakini mazoea ya zamani yalijua jambo ninalotaka kulifuata katika makala haya, yaani kwamba picha iliyotulia yaweza kuwa na hamu ya kwenda.

Hamu hiyo yaonekana sana leo katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, na hasa katika ufuko wa Matema. Hapo huja maharusi, wanafunzi walio likizo, waimbaji na wageni wa mbali. Wengi wao hawaridhiki na picha nzuri tu. Huomba picha ambayo atakayeiona atadhani imekatwa katika filamu. Mtu mwenye haraka atasema kwamba huu ni uigaji, na kwamba uigaji haustahili kuhakikiwa. Mimi si wa rai hiyo. Uigaji una wema na ubaya wake, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha mpaka ulipo.

Tuanze na kile ambacho wengi hukiona kuwa ndiyo siri yenyewe: vipande viwili vyeusi, kimoja juu na kimoja chini, na rangi iliyozimwa kidogo ikaegemea buluu. Simu yoyote ya leo hufanya hayo kwa kuguswa mara moja. Asili ya vipande hivyo ni pazia pana la CinemaScope, lililoanza kuonyeshwa mwaka 1953 katika filamu iitwayo The Robe. Pazia hilo lilikuwa na upana unaozidi urefu wake zaidi ya mara mbili, na filamu za namna hiyo zilipoonyeshwa baadaye katika televisheni, nafasi iliyobaki juu na chini ilijazwa weusi. Basi weusi ule haukuwa pambo la sinema. Ulikuwa alama kwamba sinema haikuenea katika chombo kidogo. Anayeuweka katika picha ya Matema amejivika kilemba cha kuazima, na tena amekiazima kwa asiye mwenyewe.

Zipo sababu nyingine zenye nguvu zaidi. Filamu ya kawaida huchukuliwa picha 24 kwa sekunde moja, na kila moja hupokea mwanga kwa muda wa karibu sehemu moja ya 48 ya sekunde. Muda huo ni mrefu kiasi cha kuacha mkono unaopungwa uwe na ukungu, na wimbi linalovunjika lipoteze ncha zake. Mpiga picha wa Matema anayegandisha kila tone la maji kama kito cha kioo amepata ustadi wa namna nyingine, lakini ameiacha sinema nyuma yake. Wala undugu wa vyombo hivi viwili si wa kubuni. Oskar Barnack, aliyeunda kamera ndogo ya Leica iliyotolewa kuuzwa mwaka 1925, alitumia ukanda ule ule wa sinema. Aliulaza, akaunganisha nafasi za picha mbili kuwa moja. Tangu siku hiyo kila picha ya ukanda huo ilikuwa, kwa kipimo, vipande viwili vya sinema vilivyoshikana.

Hata hivyo vipimo havitoshi. Jambo kuu ni kwamba kipande cha sinema hakijakamilika. Kina kilichotangulia na kitakachofuata, na macho yetu hukitazama kwa kuuliza: kisha? Picha ya ukumbusho haiulizi hivyo. Yenyewe husema: nilikuwapo, na nguo hizi zilikuwa zangu, na huyu ndiye mke wangu. Imekamilika, na mtu amesimama ndani yake wima, amekaza macho kwenye lenzi, mikono imetulia. Watu wa mjini huucheka mkao huo, nao hawana haki ya kuucheka, maana ni mkao wa mtu anayejua kwamba atatazamwa na wajukuu.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Zile picha zilizokuwa zikitundikwa katika kumbi za sinema kuwavutia wanunuzi wa tiketi aghalabu hazikukatwa katika filamu. Zilipigwa na mpiga picha mwingine, kwa kamera nyingine, na mara nyingi waigizaji waliombwa wasimame tena baada ya tendo kwisha. Kwa hiyo anayeiga picha ya ukumbini anaiga kitu ambacho nacho kilikuwa cha kuiga. Mmarekani Cindy Sherman alilifahamu hili vizuri. Kati ya 1977 na 1980 alipiga mfululizo wa picha 69, nyeusi na nyeupe, akiwa yeye mwenyewe ndiye mwigizaji katika kila moja: leo mwanamke wa jikoni, kesho msafiri mwenye sanduku barabarani. Nyuma ya picha hizo hapana filamu hata moja. Mtazamaji hudhani amewahi kuiona filamu hiyo, hutafuta katika kumbukumbu yake, asiipate.

Hapana haja ya kwenda New York kuutafuta mfano. Huko Mombasa, katika miaka ya 1950 na 1960, N. V. Parekh aliwapiga picha katika studio yake watu wa kila kabila na dini, na wengi wao walichagua kukaa kama waigizaji: kichwa kimeinamishwa, taa imeangushwa ubavuni, macho yanatazama mbali. Aliyelipa fedha ndiye aliyeamua awe nani kwa dakika hiyo. Nalisisitiza neno hilo, aliyeamua, kwa sababu hukumu yangu juu ya Matema yategemea hapo.

Matema yenyewe ni mahali palipojaliwa kwa kazi hii, hata kupita kiasi. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, yapata mita elfu mbili juu ya maji, na miguu yake yaingia ziwani. Asubuhi jua hukawia kutokea, na ufuko hukaa muda mrefu katika kivuli kisichokuwa na ukali. Jioni mambo hugeuka: jua hushukia upande wa nchi tambarare ya mpunga na kakao, na mwanga wake wa mwisho huupiga ukuta wa milima wote kwa pamoja, kama taa iliyoelekezwa na fundi. Mpiga picha mvivu hushukuru, huweka mtu mbele ya ukuta huo, akaondoka na picha iliyo sawasawa na ya jirani yake. Mwenye akili ningemshauri aje mwezi wa Aprili, wakati Kyela inaponyeshewa mvua ambayo sehemu chache za Tanzania huipata, mawingu yamekata milima katikati na ziwa limekuwa na rangi ya risasi. Wachache hufanya hivyo, maana maharusi hawapendi matope.

Nimeonyeshwa picha nyingi za ufuko huu, na nitazungumza juu ya mbili. Ya kwanza yaonyesha kijana aliyesimama karibu na maji wakati wa machweo. Amevaa koti, na miguuni pake pana sanduku dogo la zamani. Ametupa mgongo, sura yake hatuioni. Mbali, mtumbwi mmoja. Sidhani kwamba kijana huyo na rafiki yake aliyeshika kamera walikusudia zaidi ya kupata kitu cha kupendeza. Lakini mzee wa Kyela akiitazama picha hiyo haoni filamu ya kigeni. Kabla ya Uhuru vijana wa nchi hii waliondoka kwa maelfu kwenda kutafuta fedha, wengine katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakachukuliwa na Wenela mpaka migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Baadhi hawakurudi. Sanduku lile ni hadithi nzima, na swali la "kisha?" linaulizwa kwa uzito ambao sanduku lile lile, likiwekwa katika picha ya mji mwingine, lisingeupata. Hii ndiyo sababu naiita picha hiyo kazi njema. Kijana ameigiza, na kila mtu ajua kwamba ameigiza, hakumdanganya mtu. Rashidi Kawawa alipoigiza katika Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakuna aliyedai kwamba amesema uongo juu ya nafsi yake. Watu walimtazama, wakafurahi, na baadaye wakawa na waziri mkuu waliyekwisha kumwona sinema.

Picha ya pili ni ya mgeni. Mama wa Kikisi, mmoja wa wale wanaofinyanga vyungu kwa mikono huko Ikombe na kuvileta kwa mitumbwi kuuza katika soko la Lyulilo karibu na Matema, ameinama juu ya vyungu vyake. Mwanga waingia upande mmoja, kama katika picha za ukutani za wachoraji wa zamani. Mbele na nyuma kumefifia. Ni picha nzuri kuliko ya kwanza, sifichi hilo. Imepigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali, na uzuri wake wote wategemea mama yule asijue, au kama amejua, ajifanye hajui. Pengine aliambiwa, "Usinitazame, endelea na kazi." Neno hilo husemwa sana sokoni siku hizi, nami naliona kuwa na adabu ndogo. Kijana wa kwanza alijitungia filamu yake. Mama huyu ametiwa katika filamu ya mtu mwingine, tena bila kuambiwa ni filamu gani, na sehemu aliyopewa ni ile ya mandhari.

Nitajibiwa kwamba sinema nayo hufanya hivyo, na kwamba mwigizaji hatazami lenzi. Ni kweli, ila mwigizaji amekubali. Katika miaka ya 1935 hadi 1937, Waingereza Notcutt na Latham walipotengeneza filamu zao za mafunzo wakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, waliwatumia watu wa kawaida ambao hawakuwahi kuigiza. Twaweza kuzilaumu filamu hizo kwa mengi, hasa kwamba hadithi ilitungwa na mwalimu na mwanafunzi akapewa aicheze. Lakini hata pale mchezaji alijua kwamba anacheza.

Na kutotazama si jambo jepesi katika nchi hii. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa na kuchunguza desturi zao kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za mke wa mwana na baba mkwe wake: jinsi alivyopaswa kumwepuka, asimtazame, asilitaje jina lake, ajitenge na njia anayopita. Kugeuza uso kulikuwa na maana iliyojulikana na watu wote. Kulikuwa ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa na mtu wake. Sasa bibi arusi wa leo anaambiwa na mpiga picha ageuke, atazame milima, asitazame kamera, ili picha ifanane na sinema. Vijana wenzake wataona huzuni tamu ya filamu. Shangazi zake waweza kuona bibi arusi anayemwepuka mkwe ambaye hayumo katika picha. Mpiga picha anayezijua habari hizi ana utajiri mkononi: kwa uso uliogeuka peke yake aweza kumweka nje ya picha mtu wa tatu, na watazamaji wa nyumbani wakamtambua. Sijaona bado aliyefanya hivyo kwa makusudi.

Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaosema kwamba dawa ya uigaji ni kuacha sinema na kurudi kwenye picha ya kusimama wima. Picha ya kusimama wima itaendelea, maana wajukuu wataendelea kuzaliwa. Lakini ufuko una matendo yake ambayo yangojea mtu wa kuyaigiza waziwazi: kuagana bandarini Itungi, mtumbwi wa vyungu unaorudi Ikombe ukiwa mtupu, au ukiwa umejaa bado, mambo mawili yasiyolingana kabisa, na yale mawingu ya wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi wa meli inayoungua, ambao watu wa pwani hii huwakamata na kuwakandika kuwa chakula. Mgeni akiliona wingu hilo kwa mara ya kwanza hudhani kuna ajali. Mwenyeji huita watoto walete vikapu. Katika kutofautiana huko kwa macho mawili mna filamu tayari, na yule mama wa vyungu, akiulizwa, huenda akataka kuwa ndani yake, na huenda akataka ujira.