Waya Uliolegea kwa Kipimo

Mistari mitano ya balbu ikipita juu ya meza za nyama choma, jicho la mteja hukagua jambo moja kabla hajaagiza chochote: je, yote imelegea sawasawa? Mmoja ukishuka kiganja kimoja chini ya wenzake, uwanja mzima huonekana umepinda, na mteja hawezi kusema ni kwa nini. Kamakis, kwenye Eastern Bypass pale Ruiru, ni shule nzuri ya kutazama. Sehemu za choma zimefuatana kando ya barabara na kila moja ina taa zake. Ukishapita mbili tatu unaanza kutambua palipofanya kazi fundi na palipopita mtu mwenye ngazi tu.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ya kutundika taa za mapambo ni huko kulegea. Wenye nyumba wengi huomba waya unyooke kabisa, na fundi mzuri huwakatalia kwa upole, kwa sababu anajua kinachotokea kwenye ndoano. Chukua waya wa mita 10 wenye uzito wa nusu kilo kwa kila mita, balbu zikiwemo. Ukiuacha ushuke sentimita 30 katikati, kila upande unavutwa kwa uzito wa kilo 21 hivi. Ukiukaza mpaka ushuke sentimita 10 tu, mvuto unapanda hadi kilo 62 na nusu hivi. Hapo upepo haujavuma wala mvua haijanyesha. Waya usioshuka hata kidogo haupo duniani, maana ungehitaji nguvu isiyo na kikomo. Fundi hajaandika hesabu hiyo popote. Anaishika mkononi, anapouvuta waya na kuusikia ukianza kukataa.

Ndiyo maana kamba yenye balbu haiachwi ijibebe. Kwanza hutandazwa waya wa chuma usioshika kutu, unakazwa kwa skrubu maalumu upande mmoja, kisha kamba ya balbu inafungwa juu yake kwa vifungo vya plastiki, kimoja karibu na kila holda. Shaba iliyo ndani ya kamba ni ya kupitisha stima, si ya kubeba mzigo; ukiibebesha, inarefuka polepole na siku moja inakatika ndani ya plastiki, mahali usipoweza kupaona. Kabla ya kufunga balbu hata moja, fundi hushuka ngazi. Anaenda getini, anatazama. Anakaa kwenye kiti atakachokalia mteja, anatazama tena. Halafu inaanza ile lugha fupi kati ya aliye chini na kijana aliye juu: "Legeza. Legeza tena. Rudisha kidogo. Hapo." Nimeisikia mara nyingi, na bado nasimama kuisikiliza.

Ndoano nazo zina habari ndefu. Nyumba nyingi za Ruiru, Juja na Thika zimejengwa kwa mawe ya Ndarugu, yale yanayokatwa kwa mashine machimboni karibu na Juja. Ni jiwe la volkano, zuri kwa ukuta, lakini halivumilii haraka. Ukiiacha drili igonge kama unatoboa zege, tundu linapanuka mdomoni na plagi ya plastiki inayoshika skrubu inazunguka bure. Fundi anayelijua jiwe hili huzima ugongaji, hutumia ncha iliyo nyembamba kidogo kuliko plagi, na hutoboa katikati ya jiwe. Hatoboi kwenye mstari wa saruji, ingawa saruji humpa njia rahisi, kwa sababu huko mvuto wa miezi michache tu unatosha kuing'oa ndoano. Kisha anapuliza vumbi litoke. Ukimwona mtu anapuliza tundu kabla ya kuingiza plagi, mwachie funguo za nyumba.

Kwenye paa la mabati hagusi bati lenyewe. Anatafuta ubao wa ukingo wa paa, na kama umeoza anasema umeoza, hata akijua kazi itaahirishwa. Penye gata anatumia klipu zinazoshika ukingo bila kutoboa.

Kwenye majengo ya biashara ya Thika mjini mambo hubadilika. Wenye maduka hupenda pazia la taa linaloteremka kutoka ghorofa ya nne hadi juu ya mlango. Pazia hilo likining'inizwa kwa ncha ya juu pekee, kila uzi unabeba uzito wake wote na upepo unalipindapinda hadi asubuhi. Hivyo hufungwa kila ghorofa, na pale pote panapofungwa pasionekane kutoka barabarani. Mbele ya maduka hayo mara nyingi pana nyaya za Kenya Power zikipita karibu na roshani. Fundi anayetazama nyaya hizo, akazitazama tena, akasema "upande huu siweki", huyo ndiye wa kuajiri. Kazi ya kuunganisha stima ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na hilo halina mjadala.

Maji ndiyo adui wa fundi wa kila mwaka. Msimu wa kufunga taa ni Novemba na Desemba, wakati mvua za vuli zinanyesha. Holda zote hutazama chini. Kebo kabla ya kuingia ukutani huachwa ishuke kwanza, halafu ipande kuelekea kwenye tundu, ili maji yanayoteleza juu yake yadondokee pale chini badala ya kufuata njia hadi kwenye soketi. Jambo dogo hilo la sentimita chache limeokoa nyumba. Ndani huwekwa swichi ya usalama inayokata stima ikivuja hata miliampea 30.

Siku hizi balbu zenyewe zimepunguza hofu ya gharama. Balbu 50 za zamani za wati 15 zilikula wati 750. Za LED za wati moja zinakula 50, na tokeni ya stima inakaa. Rangi ni suala la ladha, lakini mimi nasimama na mwanga wa njano. Mweupe mkali unaifanya nyama ionekane imekufa mara ya pili, na baada ya mvua huwaita kumbikumbi kwa wingi zaidi.

Eneo hili la Ruiru na Thika lina historia ndefu ya kuwasha taa za wengine. Mwanzoni mwa karne iliyopita Nairobi ilipata umeme kutoka maporomoko ya Mto Ruiru, na katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikajengwa kwenye Mto Thika. Napenda kuwa leo mafundi wa hapa wanautumia umeme kwa ajili ya uzuri wa mitaa yao wenyewe.

Januari kazi hugeuzwa. Balbu hulegezwa kwanza, zikahesabiwa, zikawashwa moja moja, na iliyokufa ikatolewa. Kamba huzungushwa kwenye kipande cha katoni kwa mizunguko mipana, kwa sababu ikikunjwa kwa nguvu shaba huvunjika kwenye kona. Waya wa chuma hubaki juu ukiwa mtupu, lakini skrubu yake hulegezwa kidogo ili ndoano zipumzike. Kisha fundi anabandika utepe kwenye kila katoni na kuandika kwa kalamu nzito: mbele, kando ya geti, juu ya roshani. Novemba ikirudi, kijana atakayepanda ngazi hatahitaji kuuliza.