Dubu Mweupe Kando ya Tana

Kitabu nilikinunua Eastleigh, kikiwa kimetandazwa juu ya gunia katikati ya vitabu vya zamani vya kemia. Ni Little Polar Bear cha Mholanzi Hans de Beer, kilichotoka 1987. Lars, dubu mdogo wa Aktiki, anatoka kwenda baharini na baba yake. Usiku wamelala, barafu inakatika, na kukicha mtoto yuko peke yake juu ya kipande kinachoelea. Maji yanamchukua hadi nchi ya joto yenye miti, na huko kiboko anamsaidia kutafuta njia ya kurudi kwao.

Niseme ukweli: nusu ya uhakiki huu nilikuwa nimeshaandika kichwani kabla sijafika Garissa. Mnaujua uhakiki wenyewe. Chimamanda Adichie alieleza katika hotuba yake ya 2009 jinsi alivyoanza kuandika akiwa mtoto Nigeria, na wahusika wake wote walikuwa wazungu wanaocheza kwenye theluji. Sisi tulioisikia tukiwa shuleni tuliibeba kama amri. Theluji ni ya wengine, mpe mtoto ngamia. Nilitaka kukisoma mbele ya watoto wa dada yangu, niwaone wakichoka, nirudi niandike.

Wakanikosesha adabu. Tulikaa kwenye mkeka barazani, watano, wawili wakiwa wa jirani, mimi nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na kidogo Kisomali pale nilipokwama. Neno theluji halikumfikia mtu. Nikasema barafu, kwa Kisomali pia ni baraf, na hapo wote wakaamka, manake barafu wanaijua: inatoka kwenye friza ya duka, inanunuliwa kabla ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Mdogo, wa miaka minne, akatazama ukurasa mzima mweupe akauliza, "Abti, nani aliimwaga yote hiyo?"

Kuhusu dubu mwenyewe, walikubaliana haraka kwamba ni mbuzi aliyenenepa. Si mzaha. Mbuzi wa Galla wa huku ni mweupe, na kondoo wetu ana mwili mweupe na kichwa cheusi. Nilipowaambia kwamba ngozi ya dubu huyu chini ya manyoya ni nyeusi, na chini yake kuna mafuta mengi ya kumkinga na baridi, wa miaka saba alinimalizia: kama kondoo anavyoweka mafuta mkiani, na ngamia kwenye nundu. Sikuwa na la kuongeza. Mtoto wa mfugaji anaelewa mnyama anayebeba akiba yake mwilini kuliko mtoto yeyote wa Nairobi niliyewahi kumsomea.

Kwa hiyo Aktiki ilipita. Walipogoma ni kwenye kijani.

De Beer ni hodari wa rangi za maji. Barafu yake haikuachwa tu nyeupe. Ina kivuli cha samawati kinachokufanya uhisi usiku ni mrefu. Kila unywele wa Lars umefanyiwa kazi. Akifika kwenye joto, hata hivyo, ni kama mchoraji ameingia nchi aliyoisikia tu. Nilikosea nikawaambia hii sasa ni Afrika. "Wapi?" wakauliza. Mbona hakuna watu? Mbuzi wako wapi? Kisha kiboko akatoa kichwa majini, mpole, mwenye masihara, na mkeka ukalipuka. Watoto hawa wanaishi mwendo wa dakika chache kutoka Mto Tana. Kiboko kwao ndiye sababu ya kuitwa nyumbani jioni, yeye na mamba. Wa jirani aliapa wallahi huyu dubu analiwa ukurasa unaofuata. Nilipomwambia kiboko hali nyama alinijibu, kwa haki kabisa, kwamba haji kula, anakuja kuua.

Hapo ndipo lawama yangu ilipohama. Theluji iliheshimiwa, ikachorwa na mtu aliyeifikiria. Sisi ndio tuliopewa majani matupu na mnyama mwema. Na hapa hapa kaunti hii kuna hirola, swala ambaye duniani wamebaki mamia machache tu, na sijaona kitabu cha picha chenye hirola dukani. Kule Ishaqbini, upande wa Ijara, kulikuwa na twiga weupe. Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na mtoto wake wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja, na Novemba akafungwa kifaa cha kumfuatilia. Mnyama mweupe, peke yake, kwenye nchi ya rangi nyingine: hadithi ya Lars ilikuwa kwetu, haikuhitaji kipande cha barafu. Niliwasimulia. Wa miaka saba akauliza kama huyo dume anajua.

Ila kuna swali waliloniuliza kila ukurasa, na hilo sikuwa nimeliandaa kichwani Eastleigh. Baba yake yuko wapi? Mafuriko ya Novemba 2023 yalihamisha familia nyingi za kando ya mto, na 2024 maji yakarudi. Familia ya hawa wa jirani ilikuwa mojawapo. Walilala kambini, na kwa siku kadhaa baba alikuwa ng'ambo, Madogo, barabara imekatika. Kwao ukurasa wa barafu kukatika si mwanzo wa safari ya kusisimua. De Beer anamwacha baba pale, anamfuata mtoto kwa kiboko na milima, na baba tunampata tena mwishoni. Mimi niliona huo ni ufundi, kutubakiza na upweke wa Lars. Wao waliona ni uzembe. Mtu anayemtafuta mtoto haonyeshwi akitafuta?

Walinifanya nirudi nyuma mara tatu. Mara ya tatu binti wa jirani alichukua biki yangu kabla sijamzuia, na kwenye ukurasa wa kiboko, pembeni kabisa juu, akachora kitu kidogo chenye masikio na miguu minne. Kisha akafungua ukurasa unaofuata, akamchora tena, karibu kidogo.